Uzito wa Chombo

4 Februari

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa dukani. Sikuulizi kama hujambo, maana utanijibu sijambo, nami nitaamini, na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo. Ndivyo tunavyofanya kwenye simu. Unapiga, unauliza, nasema "mzima", unasema "haya", tunakata. Kwa hiyo uliposema tuandikiane barua nilikubali, ingawa unajua shule yangu iliishia wapi. Mwandiko utauvumilia.

Leo ni wiki ya tatu tangu nitoke wodini. Duka nimelifungua. Nilikuta vumbi kwenye mizani zote, hata ile ya kupimia watoto wachanga niliyokuwa nimeifunika kwa kitambaa. Nimeanza na ndogo za kaunta. Naosha springi, napaka mafuta, naweka jiwe la kilo moja juu, naangalia mshale unaposimama. Nikichoka nakaa. Hakuna anayenikimbiza.

Sasa nikueleze jambo. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, narudi kliniki. Kabla sijaonana na daktari kuna nesi anayenipa fomu. Sisi wagonjwa tunamwita Nesi wa Alhamisi, naye anaitikia. Fomu ina maswali tisa. Kwa wiki mbili zilizopita umelala vipi, umekula vipi, umekosa hamu ya mambo? Kila swali unachagua kuanzia sifuri mpaka tatu. Sifuri ni hakuna kabisa, tatu ni karibu kila siku. Mwisho anajumlisha, na jumla ikiwa kubwa ugonjwa ni mzito. Siku uliyonileta hospitali, siku ile ulinishika mkono kama mtoto na viatu nimevaa cha kushoto kulia, nilipata ishirini na tatu kati ya ishirini na saba.

Nilimuuliza, hizi namba ni za nini? Akasema, "Baba, tunataka kujua kama dawa na maongezi vinakusaidia kweli, au tunajifariji tu." Shemeji, nilimpenda kwa jibu hilo. Miaka thelathini na moja natengeneza mizani, sikujua kama kuna watu wanapima na huzuni. Wanaichora kwenye grafu, kila mgonjwa na mstari wake. Wangu unashuka. Siku ya kutoka wodini nilipata kumi na mbili, na Alhamisi ya kwanza ya kurudi nilipata sita. Nesi alifurahi mpaka akamwita mwenzake aje aone.

Kuna fomu nyingine, ya ndugu wa karibu. Niliwapa anwani yako, itakufikia kwa posta. Ndugu wa karibu ninaye nani zaidi yako? Ijaze tu, usihangaike nayo.

Jana nilimkumbuka Bi Haraka. Nilikuwa nakoroga chai, nikakumbuka mke wangu alivyokuwa akikoroga kwa mpini wa kijiko, kwa sababu alikishika kilivyokuja na hakuwa na muda wa kukigeuza. Wewe ndiye uliyempa mdogo wako jina hilo, siku ya harusi alipofika kabla yangu mimi bwana harusi. Nikakoroga kwa mpini. Inakorogeka.

Wako,
Fundi Mizani

12 Februari

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, huku naanika mashuka ya nyumba ya wageni. Mashuka yamekusikiliza vizuri.

Fomu imefika. Ilikuwa imekunjwa vibaya nikaipiga pasi. Sasa naiangalia. "Je, mgonjwa wako analala vya kutosha?" Mimi nitajuaje, na kutoka hapa mpaka kwako ni safari ya kutwa nzima? Nikuchungulie kwa darubini? "Je, anakula?" Hilo nalo nikamuulize nani, paka wa jirani yako?

Halafu hiyo sita. Sita ndiyo nini? Mtu aliyekuwa ishirini na tatu majuzi! Hata homa haishuki namna hiyo. Nguo nyeupe ikitoka kwenye maji mara ya kwanza inang'aa, mimi huwa naigeuza nikaangalie kwenye kola. Kwa hiyo nigeuzie kola yako. Niandikie unakula nini, saa ngapi, na sufuria unalifanyaje. Unalala upande gani wa kitanda. Redio unafungua? Ukiniandikia tena "mzima" nitairudisha barua bila stempu.

Mimi huku sina neno. Kazi ni nyingi, na nashukuru ni nyingi, maana mikono ikiwa na kazi kichwa kinapumzika. Chakula cha jioni nimekiacha siku hizi, kinanilemea, lakini wenye umri wangu wote wanasema hivyo. Tunazungumza habari zako, si zangu.

Kumbuka kuvaa viatu kila kimoja mguu wake.

Shemeji yako,
Dobi

23 Februari

Shemeji mpendwa,

Umeniambia nigeuze kola, haya nageuza.

Asubuhi nakunywa chai. Mchana nakula ndizi mbili dukani. Jioni napika wali wa watu wawili, kwa kuwa mkono wangu haujui kipimo kingine, nakula kidogo, ulioiva zaidi namwekea yeye pembeni, halafu nakumbuka. Kitandani nalala upande wangu, karibu na ukingo. Nikiamka nakuta sikuusogelea upande wake hata kidogo. Usingizi unakatika kabla majogoo hawajaanza, basi nakaa nikisubiri kupambazuke. Redio sifungui. Tulikuwa tunaisikiliza pamoja, yeye akiwajibu watangazaji.

Lakini usishtuke. Juzi kliniki nimepata tatu! Kabla ya hapo ilikuwa tano. Nesi wa Alhamisi amesema nikibaki hapo, tarehe 21 Machi daktari ataanza kunipunguzia vidonge na faili langu litafungwa.

Najua utauliza, imekuwaje tatu na mambo niliyokueleza hapo juu? Nikueleze kitaalamu. Mtu akileta asali kwenye mtungi, hupimi mtungi. Unauweka kwanza mtungi mtupu, unarudisha mshale kwenye sifuri, ndipo unapima asali. Tunaita kutoa uzito wa chombo. Asiyefanya hivyo ni mwizi au si fundi.

Basi mimi nikaona kwamba ninacho chombo. Bi Haraka amefariki, huo ni ukweli, si ugonjwa. Wao wanataka kupima ugonjwa, kwa hiyo ni wajibu wangu kuwapa ugonjwa mtupu. Kila swali nalipitia hivyo. Usingizi unakatika, kwa nini? Kwa ajili yake. Natoa, sifuri. Hamu ya redio sina, kwa nini? Kwa ajili yake. Natoa. Swali la tisa linauliza kama nimewahi kuwaza kwamba afadhali nisingekuwepo. Nimewaza, lakini si kwa ubaya, nawaza tu kwamba pale alipo yeye ndipo ningependa kuwepo. Hilo nalo ni lake. Nikaweka sifuri.

Kilichobaki ni uchovu wa mgongo, na huo nilikuwa nao tangu ujana. Nikaupa tatu.

Sitaki kumwangusha yule nesi. Wakubwa wake wanaangalia mistari ile, wanataka kujua kama kliniki inaponya watu. Anatusemesha vizuri. Anastahili mstari ulionyooka.

Wako,
Fundi Mizani

28 Februari

Shemeji,

Nilikuwa na pasi ya moto mkononi nilipofika kwenye swali la tisa. Nimechoma mto wa watu. Ninakuandikia kabla sijamwambia mwenyewe.

Sikiliza vizuri. Mdogo wangu hakuwa mtungi. Hakuwa sufuria wala gunia. Umemtoa usingizini, umemtoa mezani, umemtoa redioni, halafu unamwambia nesi wa watu, haya, hiki kilichobaki ndicho mimi. Hicho kilichobaki ni mgongo! Ulipelekwa hospitali kwa ajili ya mgongo?

Una akili wewe, nimesema siku zote. Nilimwambia hata marehemu, umeolewa na mtu mwenye akili. Lakini akili nyingine ziache dukani unapofunga mlango.

Unajua watakachofanya na tatu yako? Watakupa mkono wa kwaheri. Watakuachisha vidonge. Halafu siku moja jirani yako wa duka la viatu atanipigia simu tena, kama alivyonipigia mara ile, aniambie duka limefungwa tangu Jumatatu na taa inawaka ndani. Nitapanda basi tena kutwa nzima bila kujua ninakwenda kukuta nini. Sina miguu ya safari hiyo mara ya pili. Nimezika mmoja.

Fomu yangu nimeijaza, nimepeleka posta leo asubuhi. Imetoka kumi na saba. Habari ya chombo sikuiandika. Hiyo ni siri yako, utaisema mwenyewe kwa kinywa chako, na utaisema kabla ya tarehe 21.

Nimekasirika. Nakupenda. Vyote viwili.

Dobi

8 Machi

Shemeji,

Nimesoma barua yako, na jana nimeaibika.

Nesi wa Alhamisi alinikalisha, akaweka fomu mbili mezani. Hii yangu, tatu tena. Hii yako, kumi na saba. Akauliza kwa upole, "Baba, hapa nimuamini nani?" Nilijisikia kama muuza nyama aliyekutwa na kidole kwenye sahani ya mizani. Nikasema kwamba ndugu yangu ana wasiwasi kwa sababu yuko mbali. Akasema daktari ataamua tarehe 21 kama alivyopanga, lakini kabla ya hapo yeye mwenyewe anataka kufikiri.

Kumi na saba umeitoa wapi, Shemeji? Mimi nilikuandikia ukweli, lakini si wa kumi na saba. Umesema silii hadharani ila nalia nikiwa kazini. Mimi nililia lini kazini? Umesema nimekonda. Nimeongezeka kilo nne tangu Januari, na hiyo namba nakuhakikishia ni sahihi, mizani ni yangu. Nimekaa nikiwaza kwamba huenda uliongeza chumvi ili wasinifungie faili. Kama ni hivyo ulifanya kwa kunipenda, lakini umepima vibaya kuliko mimi.

Sitaki tugombane. Nyumba hii ilikuwa na mgomvi mmoja tu, naye alikuwa akigombana kwa haraka na kusahau kwa haraka. Sisi wawili tutachukua mwaka.

Fundi

11 Machi

Mama Dobi,

Mimi ndiye nesi anayemhudumia shemeji yako siku za Alhamisi. Asante kwa fomu uliyotuma. Ni ndugu wachache wanaojaza mpaka nyuma ya karatasi.

Naandika kwa sababu ya hiyo nyuma ya karatasi. Kwenye nafasi ya maelezo umeandika hivi: "Akishika pasi machozi yanaanguka juu ya nguo na kutoa mvuke, na hujifanya anakohoa ili wateja wasione. Chakula cha jioni hakigusi tena. Anaongea na mdogo wake wakati wa kukunja mashuka."

Mama, Fundi hana pasi. Shati lake huliweka chini ya godoro linyooke, na tunaona wote kwamba halinyooki.

Sijamsomea maneno haya, yeye ameona majibu yako ya mbele tu. Nadhani ulipoketi kuandika habari zake, kalamu ilikwenda nyumbani kwako. Hilo si kosa na wala si la kuonea haya. Limeshatokea kwa wengine, ila kwao halikuwa wazi kiasi hiki.

Nimeambatanisha fomu nyingine. Hii ijaze kwa jina lako mwenyewe, uipeleke kliniki iliyo karibu nawe. Nimewapigia, wanakutarajia Jumatano yoyote.

Kuhusu yeye, najua namba zake si sawa, lakini sijui zimepindia wapi. Kazi yangu ni kupima kama tiba inafanya kazi. Mtu akinipa namba nzuri ambazo si zake, dawa inasifiwa bure na yeye anabaki na maumivu yake. Kama kuna neno analoweza kuniambia, mwombe aniambie. Sitamkasirikia.

Nesi wa Alhamisi

17 Machi

Shemeji wangu,

Nina aibu, lakini nimeshakunywa chai na nitasema.

Nesi wako ameniandikia. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa ukali, mpaka nilipoona maneno yangu mwenyewe amenirudishia. Pasi. Mashuka. Kukohoa ili wateja wasione. Nilikaa kwenye kikapu cha nguo chafu nikacheka, halafu kicheko kikageuka.

Ni mimi, Shemeji. Kumi na saba ilikuwa yangu, nikaiandika kwa jina lako. Naapa sikujua. Kila swali nilikuwa nakufikiria wewe, na kila jibu likatoka kwangu. Mwaka mzima watu wameniuliza, "Shemeji yako anaendeleaje?" Wanajua mtu akifiwa na mke anaumwa. Hakuna aliyeniuliza mimi ninaendeleaje, nami nikaona ni sawa, dada mkubwa ndiye anayeshika wengine mikono. Mdogo wangu nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Alikuwa anafunga moja tu, ya pili anasema atafunga njiani.

Jumatano nimekwenda. Nimejaza fomu kwa jina langu. Imetoka kumi na nane. Kwa hiyo wewe nilikupunguzia moja, usiseme sikuonei huruma.

Nimeanza vidonge na nimeandikiwa kwenda kuongea na mama mmoja kila Jumatano. Nilipomweleza habari ya pasi alicheka mpaka akavua miwani. Nimempenda.

Sasa zamu yako. Mimi nimepima vibaya kwa kukuwekea uzito wangu, wewe umepima vibaya kwa kutoa wa kwako. Mimi nimeshasema. Barua hii ikikufikia, Alhamisi itakuwa imekaribia sana. Mwambie. Usipomwambia wewe hakuna mwingine atakayemwambia, na mimi nakutaka uwepo. Sina mtu mwingine anayemjua mdogo wangu alivyokuwa akikoroga chai.

Shemeji yako,
Dobi

22 Machi

Shemeji mpendwa,

Barua yako ilifika juzi jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nisamehe kwa maneno ya chumvi. Mwaka mzima kwa simu, na sasa kwa barua, nilikuwa nikidhani nazungumza na mtu aliye nje ya kisima, kumbe tulikuwa wote ndani na kila mmoja anamwambia mwenzake kuko kavu.

Jana nimemwambia.

Nilieleza yote, mtungi, asali, mshale kwenye sifuri. Nilitegemea atacheka au atakasirika. Alisikiliza kama mtu anayejifunza kazi. Mwisho akaniuliza, "Baba, gunia la mchele likipimwa sokoni, mnunuzi anahesabiwa nini?" Nikasema mchele mtupu, gunia linatolewa. "Na mchukuzi anayelipandisha ngazi?"

Ah, Shemeji. Miaka thelathini na moja. Nimewapimia wanunuzi na wauzaji, sijawahi kumpimia mchukuzi. Hakuna mchukuzi aliyewahi kuambiwa, gunia tumeshalitoa, wewe panda tu. Anabeba jumla yake yote, kamba na kila kitu.

Akasema, "Sisi hatukununui, Baba. Tunataka kujua mgongo wako umebeba nini."

Akanipa fomu mpya. Nilijaza polepole, sikutoa kitu. Kumi na nne. Kwenye swali la tisa niliweka moja, na nilipoiweka, kalamu yake ilisimama. Alifunga mlango, akaniuliza wazi kama nimepanga kujidhuru. Nikamwambia sijapanga lolote, ila siku hizi nikivuka barabara sitazami kwa makini. Sikuwahi kujisikia nikilisema hilo. Hata mimi lilinishtua. Tulikaa saa nzima, na wagonjwa wengine wakasubiri bila kunung'unika, nadhani waliona uso wake alipochungulia nje kuwaomba radhi.

Daktari hakufunga faili. Vidonge vinaendelea, amebadilisha kimoja. Maongezi ni kila wiki badala ya kila baada ya wiki mbili. Nimepewa namba ya simu ya kupiga nikizidiwa, saa yoyote, na jirani wa viatu amekubali kuja kunywa chai kwangu kila asubuhi. Anakunywa vikombe vitatu. Huo ndio uangalizi wake.

Nilimwomba nesi radhi kwa kumharibia mstari. Ulikuwa umeshuka vizuri, sasa umeruka juu kama panzi. Akachukua penseli akapiga alama ya mkasi kwenye nukta zangu nne za nyuma, sita, tano, tatu, tatu, akaandika pembeni kwamba zisihesabiwe. Nikamwambia kwetu fundi akikuta mizani mbovu huweka sahihi. Akanipa kalamu. Nimeweka.

Jioni nilipika wali, ukawa mwingi kama kawaida. Nikampelekea jirani sahani moja.

Wako,
Fundi Mizani

5 Mei

Shemeji,

Haraka haraka, nina magunia mawili ya sare za wauguzi yananisubiri.

Nimepata kumi na moja. Mama wa Jumatano anasema tusishangilie kabla ya miezi mitatu, lakini alitabasamu wakati anasema. Machozi kwenye pasi bado yapo, siku mbili tatu kwa wiki. Mteja mmoja aliniona, akauliza, "Mama, hiyo ni nini?" Nikamwambia ndiyo namna mpya ya kunyunyizia kola. Akaondoka ameridhika.

Juzi nimekula chakula cha jioni. Yai na mkate. Katikati ya kula nikagundua kwamba nasikia ladha ya chumvi. Sijui kama fomu yenu ina mahali pa kuandika hilo.

Wewe ulipata ngapi? Ukinidanganya nitajua, sasa hivi nina ujuzi.

Dobi

1 Juni

Shemeji mpendwa,

Nimepata tisa. Ilikwenda kumi na tano, ikashuka kumi na moja, ikapanda tena kumi na tatu wiki ya kumbukumbu yake, na juzi tisa. Mstari wangu unaonekana kama umechorwa na mtu aliye ndani ya basi. Nesi wa Alhamisi anasema ya watu wengi inakuwa hivyo, na kwamba yeye huanza kuwa na wasiwasi anapoiona iliyonyooka. Usingizi bado ni mbili. Redio nimeifungua, habari tu, muziki bado. Swali la tisa ni sifuri, na sikutoa chochote kuipata. Barabarani natazama kushoto, natazama kulia, natazama tena kushoto.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo.

Asubuhi amekuja mteja na mizani ya kusimama, ile ya kupimia mwili. Bwana mnene, mstaarabu, amevaa tai. Akasema, "Fundi, hii mizani ni mbovu nusu." Nikamuuliza mizani inakuwaje mbovu nusu. Akasema, "Mke wangu inampima sawasawa. Ni mimi tu inayenikosea." Nikamwomba apande. Akapanda. Nikaweka na mawe yangu kuhakikisha. Shemeji, mizani ilikuwa sahihi kabisa. Nikamwambia. Akashuka, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, akainama sikioni kwangu. "Basi fundi, fanya hivi. Muongeze na yeye kidogo, ili tusipishane sana."

Nilicheka. Sikucheka kwa adabu, nilicheka mpaka skrubu ikaniponyoka ikabingirika chini ya kabati, nikapiga magoti kuitafuta bado nacheka, na yule bwana naye akapiga magoti na tai yake tukawa tunaitafuta wote wawili tukicheka sakafuni.

Alipoondoka niligeuka kumwambia Bi Haraka. Niligeuka kabisa, mdomo umeshafunguka. Hakukuwa na mtu. Nikasubiri ile huzuni inifike, na ilifika, haikukosea njia. Ila kicheko nacho kilikuwa bado kipo, hakikwenda popote, kinataka mtu wa kumwambia.

Nikavuta karatasi nikakuandikia wewe. Ucheke, Shemeji, halafu unijibu umecheka vipi.

Wako,
Fundi Mizani